Injini ya mbio na beringi za kamshafti: tuanze kupima

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua na naomba usiikate sana maana hili jambo haliishi kwa mistari mitano. Kila baada ya rali nanunua gazeti kuangalia nani kaongoza Mbarara, nani kaingia kwenye miwa kule Kakira, gari ipi haikumaliza, na karibu kila mara nakuta maneno yaleyale, fulani alitoka kwa sababu ya injini, basi, habari imeisha. Injini imekufaje? Nini kiliachia huko ndani? Msomaji haambiwi, na yule kijana anayefunga injini yake Ndeeba au huku kwetu Jinja hajifunzi chochote, msimu ujao na yeye anafunga vilevile na anatoka vilevile.

Mimi ni makanika wa injini, na kitu ninachotaka kuongelea leo ni kile ambacho naona watu wanakipita kuliko vyote wakijenga injini ya nguvu, yaani beringi za kamshafti, zile ambazo shafti inayofungua valvu inazungukia ndani yake. Mtu anakuja na hesabu zake nzuri kabisa, pistoni za kufua, turbo kubwa, kamshafti yenye nundu ndefu (zile zinazosukuma valvu zifunguke) imetoka nje, springi ngumu za valvu, konrodi mpya, pesa imeenda. Sasa muulize hiyo kamshafti itazunguka juu ya nini. Anakwambia zile zilizokuwemo bado ziko sawa, au anakwambia nitafutie seti yoyote ya hiyo injini pale kwenye vipuri vya Kisekka, Kampala. Hapo ndo nabishana na watu kila siku. Beringi ya kamshafti unaichagua kwa kuangalia springi, oili na vumbi la barabara utakayokimbia, alafu unapima. Jina lililoandikwa kwenye boksi linakuja mwisho kabisa.

Watu wanaidharau kwa sababu kamshafti inazunguka nusu ya mwendo wa kranki, ile shafti kubwa inayozungushwa na pistoni, injini ikiwa mizunguko 7,000 kwa dakika kamshafti iko 3,500 tu, na haipigwi na moto kama pistoni, kwa hiyo wanaona ni kazi nyepesi. Lakini anayeikandamiza kamshafti ni springi. Chukua zile V8 za pushirodi (vijiti vinavyosukuma kutoka kwenye kamshafti kwenda juu kwenye valvu) ambazo kamshafti imelala ndani ya bloku, Chevrolet, Ford, Range Rover za zamani. Springi za kawaida za tapeti bapa (tapeti ni kile kipande kinachokaa juu ya nundu), valvu ikiwa imefunga, zinasukuma kama pauni 80 hadi 110. Ukienda kwenye tapeti za rola za mashindano, zenye gurudumu dogo, unapita pauni 200 valvu ikiwa imefunga na unapita 600 ikiwa wazi, na hiyo nguvu haifiki kwenye kamshafti ilivyo, roka, ule mkono unaosukuma valvu, inaizidisha mara moja na nusu au zaidi kabla haijashuka kwenye pushirodi. Sasa shingo moja ya kamshafti, yaani ile sehemu ya duara inayokaa ndani ya beringi, inabeba nundu za pande zote mbili. Mzigo wote huo unakaa upande mmoja wa bushi (ile beringi ya duara isiyo na rola), ule wa mbali na tapeti, siku zote palepale, na kinachotenganisha chuma na bushi ni utando wa oili ambao nywele ya kichwa chako ni nene kuliko huo.

Bushi zilizozoeleka ni za babiti. Ni mchanganyiko wa madini laini, bati au risasi pamoja na antimoni na shaba kidogo, unamwagwa juu ya ganda la chuma. Isaac Babbitt alipata hataza ya kitu hiki Marekani mwaka 1839 na mpaka leo iko kwenye injini, na sababu ni moja, ulaini wake. Chembe ya mchanga ikipita na oili babiti inaimeza, inazama mle ndani na shingo ya kamshafti inaendelea kuzunguka bila kukwaruzwa. Kamshafti ikiwa imepinda kidogo au matundu ya bloku hayajanyooka sawasawa babiti inajilainisha inafuata umbo. Ubaya wake ni huohuo ulaini. Ukiikandamiza na springi za mashindano kwa muda inachoka, inapasuka vipande kama udongo mkavu, vile vipande vinashuka kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, na mafundi wengine wakifungua wanasema ni oili mbaya. Oili ilikuwa nzuri kabisa, bushi ndo ilipewa mzigo usio wake.

Aina ya pili ni bushi za aloi ya alumini, ndani zina bati na silikoni kidogo. Hizi ni ngumu zaidi, zinabeba mzigo ambao babiti inaukimbia, na kwa injini ya springi za rola mimi naona hakuna mjadala, chukua hizi. Lakini hazimezi uchafu kama babiti. Chembe ambayo babiti ingeizika hapa inakaa juu juu na kuanza kuchora shingo ya kamshafti. Kuna zingine zimepakwa juu utando mwembamba wa polima wenye molibdeni na grafiti, mikroni chache tu, na huo utando unasaidia sana dakika ile injini inawaka asubuhi kabla oili haijafika. Watu wanadhani ule utando unaongeza nguvu ya kubeba. Hapana. Nguvu ya kubeba iko kwenye madini ya chini, ule ni wa kusaidia wakati wa ukavu, kwa hiyo usinunue babiti iliyopakwa rangi ukadhani umepata beringi ya mashindano.

Alafu kuna beringi za rola, zile za sindano nyingi ndogo. Nimeulizwa sana kuhusu hizi kwa sababu vijana wanaziona kwenye video za magari ya kukimbia moja kwa moja Marekani. Ni kweli zinapunguza msuguano na zinabeba springi za ajabu. Lakini lazima bloku itobolewe upya iwe na matundu makubwa, lazima kamshafti iwe ya chuma kilichotiwa ugumu kwenye shingo zake maana ile ya chuma cha kumimina haiwezi kuhimili sindano kutembea juu yake, lazima oili inayokwenda pale ipunguzwe kwa sababu rola haitaki oili nyingi, na siku beringi moja ikipasuka zile sindano zinasambaa kwenye injini nzima. Kwa gari ya rali hapa Uganda mimi sioni sababu. Pesa hiyo peleka kwenye filta na kwenye vipimo.

Na hapa ndo nataka wasomaji wanielewe vizuri kwa sababu ndo moyo wa barua yangu. Ushauri mwingi tunaousoma umeandikwa na watu wanaojenga injini za kukimbia kwenye lami, sekunde kumi gari imesimama, jioni oili inamwagwa. Sisi tunakimbia kwenye murram, barabara za udongo. Vumbi letu jekundu ni laini kama unga na linapita kila mahali ambapo mpira wa hewa umelegea au filta imekaa vibaya, na likishaingia kwenye oili linazunguka steji nzima, siyo sekunde kumi. Kwa hiyo swali la kwangu huwa ni hili, springi zako zinakulazimisha kwenda alumini au unaweza kubaki kwenye babiti nzuri? Kama injini yako ni ya barabarani iliyoongezwa nguvu kidogo, tapeti bapa, springi za kiasi, baki kwenye babiti, na nasema hivi nikijua kuna watu watasema nimepitwa na wakati. Babiti itakusamehe vumbi. Kama springi ni za rola huna ujanja, nenda alumini, lakini basi ujue umenunua pia wajibu wa kulinda oili, filta ya hewa iliyokaa vizuri bila kuvuja, filta ya oili ya maana siyo feki, na oili inabadilishwa baada ya kila rali bila kungoja kilomita za kitabu. Kuweka alumini alafu kuacha filta ya bei rahisi ni kupoteza pesa mara mbili.

Sasa wengi mtasema hizo V8 tunazo ngapi Uganda, sisi tuna Subaru, Lancer Evo na Toyota. Kweli, na hapo ndipo mambo yanakuwa mazito zaidi, kwa sababu injini kama EJ20 ya Subaru, 4G63 ya Mitsubishi au 4A-GE ya Toyota hazina bushi ya kamshafti kabisa. Kamshafti inazunguka moja kwa moja kwenye alumini ya hedi, yaani kichwa cha injini, chini hedi juu kepu inayofungwa kwa bolti, ndo beringi yenyewe hiyo. Kwa maana nyingine hedi uliyonunua ndo beringi uliyochagua. Ukienda kuchagua hedi iliyotumika kati ya hedi nyingi zimepangwa chini usiangalie uso wa gasketi na valvu peke yake, toa kepu, pitisha kucha pale kamshafti inapokaa, kama kucha inakwama kwenye mistari hiyo hedi iache hata kama bei ni tamu. Na angalia zaidi upande wa kepu, kwa sababu kwenye injini hizi springi zinasukuma kamshafti kuelekea kwenye kepu, mzigo uko huko. Nimeona watu wanakagua upande wa hedi tu wanaridhika, kumbe kepu zimeliwa.

Kepu zimeandikwa namba na mishale, siyo mapambo. Zilichongwa zikiwa zimefungwa kwenye hedi ileile kwa mstari mmoja, kwa hiyo kepu ya hedi nyingine haiwezi kukaa sawa hata ikiingia, na kepu ya namba 3 ikiwekwa kwa namba 4 kamshafti inabanwa. Kuna karakana moja, sitaitaja, waliniletea hedi iliyotoka kuskimiwa (uso wake kuchongwa unyooke), kepu zote zimechanganywa ndani ya ndoo pamoja na za hedi nyingine ya aina ileile. Hedi mbili nzima zilikuwa hatarini kwa sababu ya ndoo moja.

Lingine kuhusu hedi, na hili linatuua sana hapa kwa sababu ya jamu ya Kampala na radieta zilizoziba. Hedi ikichemka inapinda. Tunaipeleka kuskimu, uso wa chini unanyooka, tunafurahi, tunafunga. Lakini ilipinda yote, na kule juu kamshafti inapokaa bado kumepinda, skimu haijagusa kule. Unafunga kamshafti, shingo za katikati zinabanwa, oili haina nafasi, na injini ya mbio iliyogharimu mamilioni inakata kamshafti au inakwaruza alumini ndani ya wiki. Kipimo chake hakina gharama yoyote. Kabla ya kuweka tapeti na springi, laza kamshafti peke yake, oili kidogo, funga kepu kwa nguvu ya kitabu na kwa mpangilio wa kitabu, alafu zungusha kwa vidole. Ikizunguka laini mzunguko mzima endelea. Ikikaza mahali fulani simama hapohapo, hedi inataka kunyooshwa au kuchongwa upya kwa mstari mmoja, na usikubali mtu akwambie itajizoesha ikishawaka.

Mzee mmoja rafiki yangu anapenda sana kukumbusha kwamba Shekhar Mehta, mzaliwa wa hapahapa Uganda, alichukua Safari Rally mara tano, 1973 na alafu 1979 mpaka 1982 mfululizo. Ile ya 1973 alikuwa na Datsun 240Z. Injini ya gari hiyo, L24, kamshafti yake imekaa juu ya minara mitano ya alumini iliyofungwa kwa bolti juu ya hedi, hakuna bushi, na minara hiyo ilichongwa pamoja na hedi yake, kwa hiyo mafundi wa Datsun wanajua kabisa kwamba minara haichezewi wala haibadilishwi, na hedi ikiskimiwa sana wanaweka vipande vyembamba chini ya minara ili cheni isilegee na kamshafti irudi kwenye kimo chake. Naitaja kwa sababu watu wanadhani uimara wa rali ni chuma kinene. Alumini tupu inatosha kabisa, mradi kila kitu kimenyooka na oili inafika.

Narudi kwenye bushi za bloku maana kuna makosa ya ufungaji ambayo yanaua hata bushi bora kabisa. Kwenye V8 ndogo ya Chevrolet shingo zote tano za kamshafti ni saizi moja lakini matundu ya bloku hayalingani, kwa hiyo bushi kwenye boksi zina namba na kila moja ina mahali pake. Kwenye Ford 302 na Rover V8 hata shingo zenyewe zinapungua kutoka mbele kwenda nyuma. Mtu akizimwaga zote mezani akaanza kugonga na kipande cha bomba ameshaharibu. Zinaingizwa na kifaa chake, zinaenda wima, bila kuchubuka ukingo.

Tundu la oili kwenye bushi lazima likutane na tundu la bloku. Naandika hivi najua inaonekana kitu cha wazi, lakini bushi ikizungushwa kidogo tu shingo hiyo inakuwa kavu na huwezi kuona ukishafunga. Chukua waya mwembamba upitishe, uone unatokea upande wa pili. Kwa zile bloku zenye mfereji nyuma ya bushi unaweza kuchagua tundu likae wapi, basi usiliweke pale mzigo unapokandamiza, liweke kabla ya pale ili mzunguko wenyewe uivute oili na kuiingiza chini ya mzigo.

Bloku ikienda kuoshwa kwenye kostiki ya moto, ile dawa kali ya kuoshea, zile bushi za zamani ziwe zimetoka. Kostiki inakula alumini na inaharibu babiti, na mtu anayesema nimeosha bloku na bushi ziko sawa hajaziangalia. Mpya zinaingia baada ya uoshaji wa mwisho. Na ikitokea kamshafti imekaza kidogo baada ya bushi kuingia, kwanza tafuta sababu, kama ni alama ndogo inayong'aa unaikwangua taratibu kwa kisu cha kukwangulia beringi. Msasa hapana, kabisa kabisa, mchanga wa msasa unabaki umezama kwenye bushi na utakuwa unasaga kamshafti mpaka siku ya mwisho.

Kuhusu vipimo. Bushi inaingia kwa kubanwa, kwa hiyo tundu lake linapungua likishaingia, ndo maana kipimo cha kwenye boksi hakikusaidii, unapima ikiwa ndani. Kwa V8 za pushirodi nafasi ya oili ambayo wengi wanaitaka ni thau (elfu za inchi) 2 hadi 4, yaani milimita 0.05 hadi 0.10, na injini ya mbio mimi napenda ikae katikati, isiwe chini kabisa. Kwa hedi za Toyota nyingi kitabu kinataka milimita 0.035 hadi 0.072 na mwisho wa kuvumilia ni 0.10. Kwenye hedi zenye kepu plastigeji inatosha kukuonyesha, ni uzi wa plastiki wa bei ndogo. Kwenye bushi ya duara plastigeji haiwezekani, unahitaji maikromita na boa geji (kifaa cha kupima ndani ya tundu) na mtu anayejua kuzisoma.

Nafasi ikizidi oili inakimbilia pale, presha inashuka, hasa injini ikiwa moto na inazunguka taratibu bila kukanyagwa, na meni beringi, zile za kranki, zinaanza kukosa. Hapa kwetu dawa ya kwanza ya presha ndogo ni kununua pampu kubwa ya oili. Pampu kubwa kwenye bushi zilizoisha inasukuma tu oili nyingi kwenye tundu lilelile linalovuja, geji inapanda kidogo, mwenye gari anatulia, na baada ya rali moja injini inanoki, yaani inagonga. Mtu akikwambia badilisha pampu mwulize kwanza bushi za kamshafti zilipimwa lini.

Sasa ombi langu kwa gazeti na kwa wasomaji. Kwa wanaomiliki magari, mkilipa pesa ya kufungiwa injini ya mbio daini karatasi. Karatasi moja iliyoandikwa kila shingo ya kamshafti ina kipenyo gani, kila bushi au kila kepu ina kipenyo gani, nafasi ni ngapi, springi zinasukuma pauni ngapi zikiwa zimefunga na zikiwa wazi, na beringi ni madini gani. Fundi anayepima hatachukia, atafurahi amepata mteja anayeelewa. Anayekasirika hajapima. Na kwa vilabu vyetu vya mbio, naona ingekuwa vizuri gari ikitoka kwa sababu ya injini, mwenyewe akikubali, tuambiwe baadaye kilichokutwa ndani ilipofunguliwa, wala siyo kumwaibisha mtu, ni ili sisi tunaofunga injini tujue.

Na kwako Mhariri, mwandishi wenu wa michezo akienda pale sevisi paki, magari yanapotengenezwa wakati wa rali, asiishie kwa dereva. Amwendee yule makanika mwenye mikono myeusi pale nyuma, amuulize springi gani, beringi gani, alipima na nini. Wengi wao Kiswahili wanakijua vizuri sana, wamefanya kazi na Wakenya na Wakongo miaka mingi, na wana mambo mengi ya kusema ambayo hakuna aliyewahi kuwauliza.

Makanika wa injini,
Walukuba, Jinja